Kigoda cha Wakesho

Hapo zamani, barabara ilipokuwa bado haijapanda mlima na mtu wa nyikani akitaka kufika Kighombo sharti apande kwa miguu yake, palikuwa na mwanamke kijana aliyeitwa Mkamburi. Huyu Mkamburi hakumjua mama yake, hata kwa kusimuliwa.

Jina alilijua. Mama yake aliitwa Wakesho. Mahali alipofia alipajua pia: Kighombo, juu mlimani, mwaka wa ndui. Baba yake alikufa safarini kabla yeye hajazaliwa, kwa hiyo alilelewa nyikani na shangazi yake, dada wa huyo baba. Shangazi alikuwa mwema kwa kila kitu isipokuwa maswali.

"Shangazi, mama alikuwa mtu wa namna gani?"

"Alikuwa mtu."

"Mrefu au mfupi?"

"Kachote maji, jua linapanda."

"Alikuwa akicheka?"

"Mkamburi! Maji!"

Ikawa hivyo mpaka shangazi alipokufa, akaenda na majibu yake yote.

Mkamburi akaolewa, akashika mimba. Mama mkwe wake aliitwa Saru, mwanamke aliyependa mambo yake yawe wazi kama uwanja uliofagiwa. Siku moja wakipepeta mtama, Saru akamuuliza, "Mkwe wangu, mama yako alikuzaa kwa shida au kwa wepesi? Nijue namna ya kujiandaa."

"Sijui, mama."

"Kaburi lake liko wapi?"

"Sijui, mama."

"Basi tuambie lolote unalolijua juu yake."

Saru akaweka ungo chini.

"Basi tuna kazi," akasema. "Kwetu mtoto wa kwanza wa kike huitwa jina la mama wa mama yake. Lakini hatumpi mtoto jina la mtu tusiyeweza kumsimulia. Na siku ya jina, bibi hukaa kwenye kigoda, mtoto akawekwa mapajani mwake. Bibi akiwa amekufa, hukaa mwingine badala yake, yule aliyeturudishia marehemu. Mmoja tu. Tangu hapo huyo ndiye bibi yake, au babu yake. Na siku akifa, mtoto huyo ndiye atakayepalilia kaburi lake na kumsimulia kwa watu. Sasa niambie, mkwe wangu, ukizaa binti, nani atakaa?"

Maswali ya Mkamburi yaliyokuwa yamelala tangu utotoni yaliamka yote kwa pamoja. Tumbo lilikuwa bado dogo. Akafunga chakula cha njiani, akaaga, akaupanda mlima.

Akafika Kighombo mvua zikiwa karibu. Nyumba zote zilikuwa tupu, hata mbwa hakuna. Akafuata sauti za majembe mpaka mteremko wa nyuma ya mji, na huko akawakuta watu wote makaburini.

Watu wa Kighombo walikuwa na desturi yao. Kabla ya kupanda mbegu shambani, walikwenda kwanza kupalilia wafu. Na kila aliyepalilia kaburi alimsimulia aliye ndani yake, kwa sauti, majembe yakiendelea. Tena hawakuwapamba. Walisema walivyokuwa.

"Huyu mjomba wangu alirina asali kwenye mizinga ya watu. Nyuki walimkimbiza mpaka barazani kwa chifu."

"Huyu bibi hakusema na mumewe msimu mzima kwa sababu ya jogoo. Jogoo alipokufa, wote wawili wakalia."

"Huyu aliogopa radi. Mtu mzima na ndevu zake, anaingia chini ya kitanda."

Watu wakacheka, majembe yakaendelea. Mkamburi akasahau uchovu. Akawa anapita kutoka kaburi hadi kaburi, akisikiliza kama mtoto aliyefika sokoni kwa mara ya kwanza. Moyoni akasema, kumbe mtu anaweza kufa na bado watu wakajua kwamba aliogopa radi! Na mama yangu je, aliogopa nini?

Akasimama katikati, akauliza kwa sauti, "Jamani, Wakesho yuko wapi?"

Majembe yakasimama. Kisha moja likaanza tena, na jingine, na jingine, kama hakuna aliyeuliza kitu.

Bibi mmoja tu ndiye hakurudi kwenye jembe lake. Aliitwa Nyambu, mfinyanzi wa vyungu, na ulimi wake ulijulikana mlima mzima.

"Nani anamtafuta Wakesho?" akauliza.

"Mimi. Ni mwanawe."

"Geuka."

Mkamburi akageuka.

"Tembea mpaka pale, urudi."

Mkamburi akatembea, akarudi. Bibi Nyambu akaketi chini taratibu.

"Ndiye," akasema. "Unatembea kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Mama yako alitembea hivyo hivyo. Kaa, mwanangu. Uliza."

Mkamburi akakaa, akauliza. Aliuliza kama mwenye kiu, bila kupumzika, na Nyambu akajibu kila swali.

Alikuwa mrefu? Mrefu, na akiingia ndani alikuwa akisahau kuinama, paji la uso halikukosa nundu. Alikuwa akicheka? Alicheka akifunika mdomo, kwa sababu ya pengo, kisha akasahau, akauachia mkono. Alipika vizuri? Hapana! Maharagwe yake yalikuwa na harufu ya moshi hata yakipikwa na mtu mwingine. Aliogopa nini? Kuku. Mwanamke aliyeweza kumfukuza fisi kwa kijinga cha moto, kuku akimrukia anapiga ukunga. Alipiga mbinja kama mwanamume, wazee wakamkataza, akasema sawa, akaenda kupiga mbinja mtoni.

"Na mimi, alinizaaje?"

"Wewe ulimkuta njiani, ana mzigo wa kuni kichwani. Akautua, akakuzaa, akakuvingirisha kwenye kanga, akajitwika tena kuni zake, akaja nyumbani. Mimi nilikuwa mlangoni. Nikamwambia, Wakesho, una wazimu, kuni umezibebea nini? Akanijibu, na huyu mtoto nitamwogesha kwa maji baridi?"

Mkamburi akacheka, akafunika mdomo, kisha akasahau, akauachia mkono. Nyambu alipoona hivyo machozi yakamtoka.

"Sasa sikiliza na hili," akasema, "maana ukilisikia kwa mwingine utasema nilikuficha. Ndui ilipoingia, binti mmoja jirani yetu, Mshai, aliugua wakati mama yake yuko nyikani kwa biashara. Hakuna aliyethubutu kumgusa. Mama yako alimwingiza nyumbani kwake akamuuguza. Kisha na yeye akapata homa. Akaniita, akanipa wewe kwa kunyoosha mikono tu, tusigusane. Akasema, Nyambu, mpeleke kwa wifi yangu nyikani. Nikakubeba mgongoni, nikakufikisha. Niliporudi nikaenda kwa wazee, nikawaambia, ndui iko nyumbani kwa Wakesho."

"Ukawaambia?"

"Nikawaambia. Kulikuwa na watoto nyumba zote za jirani. Wazee wakaamuru nyumba izungushiwe miiba, mtu asiingie, mtu asitoke. Ndui haikuingia nyumba nyingine ya mtaa wetu. Na mama yako hakutoka."

Mkamburi akamwangalia bibi huyu aliyembeba mgongoni, aliyemfungia mama yake kwa miiba. Hakujua amshike mkono au amwondokee.

"Kaburi lake?" akauliza mwishowe.

"Kaburi hana. Waliokufa kwa ndui walitupwa korongoni. Hilo ndilo lililoamriwa, na Mshai tu ndiye husemwa alizikwa kwa siri."

Mkamburi akainuka, akaenda zake kando, akasimama peke yake juani. Ndipo bibi mwingine akamwita. Huyu aliitwa Mghoi. Alikuwa mdogo wa umbo, na kaburi alilokuwa akilipalilia lilikuwa safi kuliko yote mteremkoni, limezungushiwa mawe meupe, limepandwa maua ya manjano.

"Mama mjamzito, usisimame hapo utaanguka. Njoo unisaidie. Mkono ukiwa na kazi, moyo unapumua."

Mkamburi akaenda, wakapalilia pamoja. Bibi Mghoi akamsimulia aliyelala pale. Ni binti yake, akasema, mwanawe wa pekee, Mshai, ambaye ndui ilimchukua yeye mamaye akiwa nyikani kwa biashara. Akasimulia jinsi Mshai alivyopenda kuvaa shanga za watu wengine, jinsi alivyolala na mguu mmoja nje ya ngozi ya kulalia. Tangu wakati huo hakuna msimu Mghoi aliokosa kuja hapa, na si siku ya kupalilia tu. Alikuja wakati wa kiangazi na maji ya kumwagia maua. Alikuja na habari za mji, akazisema.

Jembe la Mkamburi likagonga kitu kigumu upande wa kichwani.

"Acha hapo," akasema Mghoi. "Pana mwamba. Kila mwaka jembe langu linaugonga."

Sasa kulikuwa na mzee mmoja, Righa, aliyekuwa amesimama mbali akiwatazama wale wanawake wawili. Alimtazama yule mgeni akipalilia. Alimtazama akiondoa majani kwa vidole kati ya yale maua. Ghafla akaacha jembe lake, akaja, akapiga magoti mbele ya Mghoi, mzee mzima.

"Mghoi, nisamehe."

"Righa, umepatwa na nini? Inuka, watu wanaangalia."

"Aliyelala hapa si Mshai."

Watu wakakusanyika. Righa akasema kwa kichwa kilichoinama. Mwaka ule wazee walimchagua yeye kubeba maiti kuzipeleka korongoni, kwa kuwa alikuwa ameugua ndui utotoni akapona. Mshai alikufa kwanza, akampeleka, kama alivyoamriwa. Aliporudi akamkuta Wakesho anahema kwa shida. Wakesho akamtambua, akamwambia, "Righa, usinitupe. Nina mtoto. Siku moja atakuja kuuliza nilipo."

"Nikamwahidi, akafa mbele yangu," akasema Righa. "Nikavunja amri. Nikamleta hapa alfajiri, watu wakiogopa hata kufungua milango, nikamchimbia peke yangu. Sikuwa na kitu cha kuweka alama. Nikachukua jiwe lake la kusagia nikalifukia kichwani. Siku chache baadaye, Mghoi, ukarudi kutoka nyikani. Ulikuwa unakimbia kwenda korongoni kumtafuta mwanao kwa mikono yako, kati ya maiti zile. Nikajua ukishuka hutapanda. Nikakushika, nikakwambia, usiende, nilimzika, kaburi lake lile pale. Nilikusudia kukwambia kweli baadaye. Kisha nikakuona unaleta maua."

Bibi Nyambu akapita katikati ya watu, akachukua jembe, akafukua pale palipokuwa na mwamba. Likatoka jiwe la kusagia, upande mmoja limepasuka. Nyambu akapitisha kidole kwenye ule upasuko.

"Tulikuwa tunasaga pamoja," akasema. "Likatuponyoka tukicheka. Ni lake."

Mkamburi akapiga magoti, akaweka viganja vyote viwili juu ya udongo. Kumbe alikuwa amempalilia mama yake bila kujua. Furaha ikampanda, na hapo hapo akamwona Mghoi, akaviondoa viganja.

Bibi Mghoi hakulia. Aliangalia maua ya manjano. Kisha akauliza, taratibu, kama mtu anayeuliza njia, "Basi miaka yote hii nilikuwa nikimsimulia Mshai kwa nani?"

Akaenda zake nyumbani, jembe akaliacha.

Kesho yake asubuhi Mkamburi alikwenda makaburini ili awe na mama yake peke yake. Akamkuta Mghoi amekwisha kufika, anamwagia maua maji.

"Usishtuke," akasema Mghoi. "Miguu imezoea. Imenileta kabla sijaiuliza."

"Mama, unanichukia?"

Mghoi akafikiri. "Jana nilikuchukia," akasema. "Usiku nikakumbuka kwamba mama yako ndiye aliyemtia mwanangu maji mdomoni mimi nikiwa mbali. Nikaona si neno, alale hapa. Nishikie kibuyu."

Mkamburi akashuka mlima na habari zake, na mimba ikatimiza miezi. Akazaa kwa wepesi, mchana, mtoto wa kike mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Saru akatuma watu Kighombo kuwaalika wote watatu, Righa, Nyambu na Mghoi, na siku ya jina ikafika. Kigoda kikatolewa uani. Wageni wakakaa kwenye mikeka. Mkamburi akasimama na mtoto mikononi.

Saru akasema, "Jina lipo, na sasa tunaweza kumsimulia mwenye jina. Limebaki hili. Nani ametuletea Wakesho? Nani akae?"

Mzee Righa akainuka wa kwanza. "Mimi sina mtoto wala mjukuu, nikifa majani yatanimaliza, kwa hiyo sitajifanya siitaki nafasi hii," akasema. "Lakini dai langu ni hili. Bila mimi Wakesho angekuwa korongoni, na huyu binti asingekuwa na kaburi la kulipigia magoti. Niliahidi, nikavunja amri ya wazee, nikamzika. Wangenijua siku zile wangenifukuza mlimani. Na alipokuja kuuliza, nilijibu, ingawa jibu lilinivua nguo mbele ya mji."

"Ulijibu!" akasema Nyambu. "Baada ya miaka yote! Ulimwona Mghoi analilia kaburi la mtu mwingine, ukanyamaza. Ulijua mtoto yuko nyikani, ukanyamaza."

"Na wewe je, uliyejua yuko nyikani na nyumba gani?"

"Shangazi yake alinikataza kufika pale aliposikia habari ya miiba," akasema Nyambu, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikapungua. Kisha akaiinua tena. "Nisikilizeni. Righa ameleta mifupa. Mifupa haina pengo la jino. Mifupa haiogopi kuku. Mkwe wenu alikuja Kighombo akiuliza mama yangu alikuwa nani, na mimi ndiye niliyempa mama anayecheka. Jina mnalompa mtoto leo mnaweza kulisimulia kwa sababu ya mdomo wangu. Na huyo mama anayemshika mtoto yuko hai kwa sababu ya mgongo wangu. Nisingembeba, leo kusingekuwa na jina wala mtoto."

"Na miiba?" akauliza Righa.

"Na miiba," akasema Nyambu. "Niliisema mwenyewe kabla hujaniuliza. Sijui kama angepona. Najua nyumba za jirani zilipona. Ningerudi siku ile leo, sijui ningefanya nini. Huo ndio ukweli wangu, nimekuja nao."

Saru akamgeukia Mghoi, aliyekuwa amekaa nyuma ya watu wote. "Na wewe, bibi?"

"Mimi sina dai," akasema Mghoi. "Nimekuja kumwona mtoto."

"Sema, bibi. Hatukukualika bure."

Mghoi akakunja kanga yake mikononi, akaikunjua. "Righa alimzika mara moja. Nyambu alimsimulia mara moja. Mimi nilikwenda kila msimu. Lakini sikwenda kwa ajili yake, nilikwenda kwa ajili ya Mshai, na ningejua si Mshai labda nisingekwenda hata mara moja. Sijui kama hiyo inahesabika. Ninachojua ni kwamba kama nisingepalilia, kaburi lile lingekwisha kuwa shamba la mtu, na Righa mwenyewe asingeliona. Machozi yangu yote yameingia kwake. Na Mshai wangu yuko korongoni, hakuna aliyewahi kumwagia hata tone." Akaikunja tena kanga. "Nikifa, nani atajua kwamba Mshai alilala na mguu mmoja nje ya ngozi? Hilo tu ndilo linanisumbua. Mengine, mpeni anayestahili."

Righa akaangalia chini. Nyambu akaangalia juu. Kigoda kilikuwa katikati, na mtoto akaanza kulia.

Mkamburi akawaangalia mmoja mmoja. Alipomwangalia Righa, aliona mikono iliyomfukia mama yake kwa heshima pale ambapo wengine walikimbia, na akaona pia mdomo uliofumbwa muda mrefu mno. Alipomwangalia Nyambu, alisikia mama yake akicheka, kisha akaiona miiba. Alipomwangalia Mghoi, hakuona kosa lolote. Lakini Mghoi mwenyewe alikuwa amesema, hakwenda kwa ajili yake.

"Mkwe wangu," akasema Saru, "mtoto analia. Mpe mtu."

Mkamburi akapiga hatua moja kuelekea kwa wale wazee, mtoto mbele kwenye mikono. Wote watatu wakanyoosha mikono yao. Hata Mghoi.

Mimi niliyesimuliwa habari hii nimesimuliwa mpaka hapo. Wengine husema alimpa aliyezika, maana bila kaburi hakuna kisa. Wengine husema aliyekumbuka, na hao hugombana wao kwa wao juu ya ile miiba. Wengine husema aliyepalilia, tena husema kwa sauti kubwa, kisha ukiwauliza sababu wanababaika. Nami nimewasimulia ninyi. Mtoto ni mmoja, na amekwisha kunyooshwa mbele, mikono inamngoja. Je, nani alistahili kumpakata mjukuu wa Wakesho?